Nani Aliwaambia Korona Ilikuwa Fursa?

Kuna neno moja limetuchosha vijana wa nchi hii, nalo ni fursa. Wazazi wetu walikuwa na ruksa. Mzee Mwinyi, Mungu amrehemu, alipolegeza kamba za biashara watu wakambandika jina la Mzee Ruksa, na kila aliyeweza akafungua genge. Sisi tumepewa fursa. Ukimaliza kidato cha nne ukakosa pa kwenda, hiyo ni fursa. Mvua ikigoma ni fursa ya umwagiliaji. Kijana akilala njaa, hakosekani mjomba mwenye suti wa kumwambia kwamba njaa ni fursa ya kufikiri. Yote hayo nimeyavumilia. Lakini sasa naona neno hili mmelihamishia ndani ya fasihi, ndugu zangu waandishi chipukizi, na mnatuandikia kwamba hata korona ilikuwa fursa. Hapo nimeshindwa kunyamaza.

Hadithi zenyewe mnazijua kwa sababu ni ninyi mnaoziandika. Binti kamaliza chuo, kazi hana. Ugonjwa unaingia, serikali inatangaza lokidauni, binti anajifungia chumbani analia kurasa tatu. Kisha anatupa jicho dirishani, anaona ua limechipua kwenye kopo la rangi. Ahaa! Anaanza kuuza maua ya kupamba sebule, anayapiga picha kwa simu, anayatuma mtandaoni, wateja wanamiminika kama siafu. Ukurasa wa mwisho binti ana gari, na yule mvulana aliyemwacha amekuja kumwomba kazi ya kumwagilia. Mwisho.

Jamani! Hiyo lokidauni ilikuwa ya wapi?

Mgonjwa wa kwanza alitangazwa nchini tarehe 16 Machi 2020, kule Arusha. Kesho yake shule zikafungwa, kisha vyuo. Mikutano ikapigwa marufuku, mpira ukasimama. Basi. Hakuna Mtanzania aliyefungiwa ndani. Masoko yalikuwa wazi, mabasi yalitembea, makanisa na misikiti ilijaa, na bodaboda wa Kibondo walipakia watu wawili na kuku kama kawaida. Waliofungiwa ndani ni wenzetu wa Uganda na Rwanda, na Wakenya waliwekewa amri ya kutotembea usiku kuanzia tarehe 27 Machi. Wazungu nao walijifungia, wakanunua mimea ya vyunguni kwa wingi kwa sababu walikuwa wamechoka kutazama ukuta. Hiyo ni hadithi yao na wana haki nayo. Wewe uliyekuwa unakula chipsi barabarani mwezi wa tano umeipata wapi huzuni ya dirishani? Umeitoa kwenye filamu, bwana. Umekopi.

Mimi mwaka huo nilikuwa kidato cha nne Kasulu. Kwa hiyo biashara ya mimea wakati wa ugonjwa siisikii kwa jirani. Niliiona asubuhi na jioni, na ninyi mnaoishi mjini mngeweza kuiona pia kama mngetazama sokoni badala ya kutazama simu.

Kitu cha kwanza kuuzwa kilikuwa majani. Majani tu, yale yale ambayo wiki moja kabla mbuzi alikuwa akiyala bure. Mkaratusi, mpera, mwembe, mlimao, juu yake mchaichai, fungu zima likafungwa kwa kamba ya mgomba. Hiyo ilikuwa nyungu iliyo tayari: unafika nyumbani, unachemsha, unajifunika blanketi, unatoka umeloa kama umebatizwa. Rais Magufuli mwenyewe alihimiza watu wajifukize, na baada ya hapo nani angemzuia muuza majani? Watoto wa shule, ambao sasa hawakuwa na shule, ndio waliokuwa wachumaji. Walipanda mikaratusi ya watu, walivunja matawi ya milimao ya watu, walifukuzwa na mbwa wa watu, wakalipwa sarafu. Aliyeketi sokoni na lile fungu alipata zaidi. Aliyekuwa na usafiri wa kuyapeleka mbali alipata zaidi ya huyo.

Halafu limau likapanda bei. Halafu tangawizi. Hapa nawaomba mtulie kidogo, maana tangawizi kwetu si kiungo cha chai peke yake. Inalimwa katika milima ya Buhigwe, wilaya iliyokatwa kutoka Kasulu mwaka 2012, na kuna nyumba nyingi ambazo daftari la mtoto linatoka kwenye tangawizi. Bei ilipopanda mijini watu wa huku walifurahi. Lakini gunia letu linajazwa lumbesa, lile la kushona na kuongezea kilemba juu, ambalo kila mwaka tunaambiwa limepigwa marufuku na kila mwaka tunaliona likipanda lori. Mkulima anauza lumbesa kwa bei ya gunia. Kile kilemba kinakwenda bure. Barabara ya kutoka huku kwenda Nyakanazi mwaka ule sehemu kubwa ilikuwa bado vumbi jekundu, na mwenye lori aliitumia hiyo kama sababu: njia mbaya, mafuta ghali, chukua hiki au baki na mzigo wako uoze. Kigoma ni mwisho wa reli, na sisi wa Kasulu na Kibondo hata hiyo reli haitufikii. Kwa hiyo mtu wa mjini alinunua tangawizi kwa bei ya hofu, na mkulima akauza kwa bei ya vumbi. Katikati kulikuwa na mtu aliyenenepa. Mwandikeni huyo! Ni mhusika mzuri kuliko binti wa dirishani.

Msinielewe vibaya. Nyungu siidharau. Bibi zetu walitufukiza tukiwa na mafua, na mvuke unafungua pua, hilo halina ubishi. Ninachokikataa ni mchezo wa kuuza majani juu ya ukimya. Tarehe 29 Aprili 2020 serikali ilitangaza wagonjwa 509 na vifo 21. Kisha, ukiacha tangazo la Zanzibar mwanzoni mwa Mei, hesabu ikakatika mpaka katikati ya mwaka 2021. Papai na mbuzi tuliambiwa wamepimwa wakakutwa na korona, taifa likacheka, na baada ya kicheko hatukusikia namba nyingine. Mwezi huo wa Mei ndege ikaleta kinywaji cha mitishamba kutoka Madagaska. NIMR nao wakatoa chao, NIMRCAF. Juni Rais akatangaza kwamba maombi yameiondoa korona nchini. Februari 2021, watu walipokuwa wanazikana tena kwa kile kilichoitwa changamoto ya kupumua, Waziri wa Afya Dk. Dorothy Gwajima aliwaita waandishi wa habari, na mbele ya kamera ukasagwa na kunywewa mchanganyiko wa tangawizi, vitunguu, limau na pilipili. Chanjo ilizinduliwa tarehe 28 Julai 2021, chini ya Rais Samia.

Sasa fikiria wewe ni mama wa Kibondo katikati ya miezi hiyo. Redio haikuambii wangapi wanaumwa. Mumeo anahema kama mvukuto. Sokoni kuna fungu la majani, na muuzaji ni kijana unayemfahamu, mtoto wa jirani, anakuapia kwamba mjomba wake amepona. Utaacha kununua? Na yule kijana, je, anadanganya? Anasema alichoambiwa. Hapo kuna riwaya nzima, ndugu zangu: muuzaji anayeamini nusu, mnunuzi anayeamini nusu, na mgonjwa kitandani ambaye hana nafasi ya kuamini nusu. Mnaikimbia riwaya hiyo mkafuate gari la binti!

Wala haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 2011 nchi ilihamia Samunge, Loliondo, kwa Mchungaji Ambilikile Mwasapile, kunywa kikombe cha dawa ya mti wa mugariga kwa shilingi 500. Magari yalipanga foleni ya kilomita na kilomita, na waliopeleka watu kwa gari walipata kuliko babu mwenyewe. Sisi tulikuwa watoto wa shule ya msingi na tuliimba habari za kikombe katika michezo yetu. Miaka imepita. Niambieni ni riwaya ngapi mnazozijua kuhusu kikombe.

Nirudi kwenye mimea, maana najua kuna mmoja atasema: sawa, majani yalikuwa ulanguzi, lakini vitalu vya miche je? Vijana si walianzisha vitalu? Si walijiajiri?

Walianzisha, ndiyo. Shule zilipofungwa na majani yalipoanza kuuzwa, watu wengi waligundua kwamba hawana mlimao hata mmoja uani, na mchaichai wanamwomba jirani. Wakaanza kuulizia miche. Ukipita pembeni ya barabara zetu ukaona viriba vimepangwa safu safu chini ya kivuli cha nyasi, hapo palikuwa na kijana aliyeona mbali. (Viriba, kwa mliokulia ghorofani, ni vile vifuko vyeusi vya plastiki vya kuoteshea. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019 lakini ya kilimo ikasamehewa. Vinginevyo biashara hii ingekufa kabla ya kuzaliwa.) Mtaji unaonekana mdogo: udongo mweusi wa msituni, samadi, mchanga kidogo, mbegu ulizozila jana, na mgongo wako.

Lakini fanyeni hesabu ambayo watu wa fursa hawaifanyi. Huku kwetu milimani mvua zinaanza kama mwezi wa kumi na kukatika Mei. Shule zilifungwa tarehe 17 Machi, zikafunguliwa tarehe 29 Juni, ukiacha kidato cha sita na vyuo waliorudi tarehe 1. Kijana aliyesia mbegu ya mpapai mwishoni mwa Machi alikuwa na miche mizuri mwezi wa sita, kiangazi kimeshaingia, na hakuna mwenye akili timamu anayepanda mti Kasulu mwezi wa sita bila maji ya bomba. Aliyesia mlimao au parachichi alikuwa na vijiti vya urefu wa kalamu. Parachichi lile la kisasa, Hass, halitoki kwenye mbegu peke yake. Linabebeshwa, yaani unaotesha shina la kienyeji, unasubiri linenepe, unalikata na kulifunga kikonyo cha mama mzuri, unasubiri tena. Mchikichi wa Tenera, ambao tangu Waziri Mkuu Majaliwa aanzishe kampeni yake mwaka 2018 mkoa wetu wote umeimbiwa, unakaa kitaluni mwaka mzima au zaidi kabla ya kwenda shambani, na mbegu yake unaifuata Kihinga, kwa watafiti wa TARI. Huokoti chini ya mti.

Kwa hiyo tarehe 29 Juni kengele ilipogonga, mwenye kitalu alikuwa na mambo mawili mkononi: mtihani wa Novemba na viriba vinavyotaka maji kila jioni mpaka Oktoba. Maji yenyewe ni ya kisimani, madumu mawili mawili. Wapo niliosoma nao waliochagua viriba wakafeli. Wapo waliochagua mtihani, miche ikakauka, na walifeli vilevile kwa sababu miezi mitatu ya majani na limau haikuwafundisha hesabu za logarithimu. Wapo wachache waliokuwa na mama au mdogo wa kike nyumbani, na huyo ndiye aliyemwagilia. Oktoba ilipofika na miche ikauzwa, aliyepigiwa makofi kwenye semina ni kaka mtu.

Hilo la mdogo wa kike liandikeni kwa herufi kubwa. Katika hadithi zenu zote sijamwona anayebeba dumu.

Sasa njooni kwa watu wa semina. Huyo mjomba mwenye suti anafika Kibondo kwa gari jeupe, anawakuta vijana kumi na wawili chini ya mwembe, anawaambia jiungeni muunde kikundi mpate mkopo. Ni kweli sheria ipo: halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, bila riba. Kitu kizuri. Lakini asilimia 10 ya mapato ya halmashauri maskini ni asilimia 10 ya umaskini. Halafu mwaka 2023 mikopo ikasimamishwa nchi nzima, baada ya kuonekana kwamba fedha nyingi zilikwenda kwa vikundi hewa na hazikurudi, ikaja kurudishwa mwaka 2024. Katika muda huo mwenye kiriba afanyeje? Akiambie kisubiri? Mti hauna likizo.

Na mwenye kitalu kidogo cha barabarani ana tatizo jingine ambalo mtu wa semina halitaji: mnunuzi hamwamini. Mche ni ahadi. Ukinunua nyanya mbovu unajua leo, ukinunua mche mbovu unajua baada ya miaka minne, umeshaumwagilia, umeshaupenda, na unazaa matunda kama kokoto. Wenye vitalu vikubwa wana karatasi ya TOSCI inayosema miche yao imekaguliwa. Kijana wa Kasulu ana mdomo wake tu. Na mdomo huo huo mwaka 2020 uliuza majani ya kuponya kila kitu. Mnaona hasara ilipo? Wakati wa hofu tuliuza uaminifu wetu kwa mafungu, na uaminifu haubebeshwi kama parachichi.

Nitamke pia jambo ambalo watu wa Dar mnalisahau kila mnapolitaja jina la Kibondo, au mnalikumbuka hilo peke yake. Tuna majirani. Nyarugusu ipo tangu 1996, kwanza kwa Wakongo, kisha kutoka 2015 na Warundi. Nduta ya Kibondo ilifunguliwa tena mwaka huo huo wa 2015. Majirani hawa wanajua kilimo kuliko mimi na wewe. Lakini mwaka wa korona walikuwa hawaruhusiwi kutoka kambini ovyo, na yale masoko ya pamoja, ambako mwenyeji alileta ndizi na mkimbizi akaleta mafuta, yalikuwa yameshafungwa kabla ugonjwa haujaja. Hao ndio waliofungiwa ndani katika nchi hii, na si kwa sababu ya virusi. Anayetaka kuandika kuhusu dirisha aandike kuhusu dirisha hilo, ambalo halina kioo.

Ukitazama nyuma utaona kwamba Buha na mimea ya watu wengine ni hadithi ya zamani. Miaka ya 1930 malale yalipoingia, Mwingereza aliwakusanya wazee wetu wa Kibondo na Kasulu, wakaacha mashamba na migomba yao, wakapangwa katika makazi ya pamoja. Miaka ya 1940 ikaja SILABU, ofisi ya wenye mashamba ya mkonge, ikasomba vijana wa Kiha kwenda kukata mkonge Tanga na Morogoro. Waliitwa manamba kwa sababu walivaa namba. Bila shaka yupo aliyewaambia kwamba ni bahati yao, ila neno fursa lilikuwa halijapendeza. Walirudi na blanketi na kikohozi. Wengine hawakurudi, na leo ukienda Tanga utakuta majina ya kwetu.

Na wakati sisi tunauza majani kwa mafungu, hebu tazameni Naivasha, Kenya. Machi 2020 mnada wa maua wa Uholanzi uliporomoka, ndege zikasimama, na waridi zilizokuwa tayari zikamwagwa jalalani kwa malori. Maelfu ya vibarua, wengi wao akina mama, wakarudishwa nyumbani. Ugonjwa ni ule ule, mmea ni mmea. Mzungu aliyefungiwa ndani alinunua mmea wa chungu karibu na kwake, na mama wa Naivasha akakosa unga. Mbona hilo halikuitwa fursa?

Najua mtakachosema kijiweni. Mtasema huyu wa Kigoma ana wivu, hajawahi kutoa kitabu, anatufundisha kuandika. Kitabu sijatoa, kweli. Nina madaftari manne na kalamu ya kukopa. Lakini Kezilahabi, aliyetutoka Januari 2020, miezi miwili tu kabla ya mambo haya, alizaliwa Namagondo, Ukerewe, na alikiandika kisiwa chake bila kukiombea radhi kwa watu wa Dar. Wasichana na walevi na walimu wa kisiwa kile mpaka leo tunagombana nao darasani. Tunaambiwa kila mtihani kwamba fasihi ni kioo cha jamii, tunajibu, tunapata maksi, tukitoka nje tunabeba kioo cha duka la simu.

Hasira yangu siielekezi kwa anayeuza maua. Auze, apate, anunue hata magari mawili. Ninyi mnaomwandika ndio ninaowadai. Mnataka msomaji wa miaka kumi na tisa, aliyefeli kama nilivyowaona wenzangu wakifeli, asome hadithi yenu ajione mjinga kwa sababu ugonjwa ulipita na yeye hakutajirika. Huyo ndiye mnamuumiza. Yupo Kasulu, yupo Mbagala, yupo Nyegezi, na ananunua jarida hili kwa pesa aliyoipata kwa kubeba zege.

Mhariri, toleo lijalo nitengee kurasa sita. Nina sura ya kwanza. Inaanza tarehe 29 Juni 2020, kengele ya shule inasikika kutoka mlimani, na msichana wa darasa la sita ameshika dumu la maji katikati ya viriba vya kaka yake, anahesabu vilivyo hai. Bado sijampa jina. Nimejaribu matatu, yote yananikataa.